Swali la Shaba Usilitupe

Kwamndolwa, Korogwe

Mpwa wangu Mwanaidi,

Vuli imenyesha vizuri, na bibi yako mguu umepata nafuu. Kila jioni anauliza utakuja lini. Mama yako kaniambia unataka kuacha utafiti wako wa superkondakta za shaba kwa kuwa wenzako wanakucheka, eti unahangaika na visumaku visivyoonekana.

Mwanangu, wanafizikia Bednorz na Müller walipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1987 kwa vitu hivyo hivyo, nilikuwa mwalimu kijana. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: kitu kilichochomwa kama chungu kinapitishaje umeme bila ukinzani? Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Hakuuliza tena mpaka akamaliza shule. Linaniuma hadi leo.

Nilipostaafu ndipo nikatafuta jibu kwa kusoma. Katika tabaka za shaba na oksijeni, kila atomu ya shaba ina elektroni moja iliyo kama sumaku ndogo: hii ikielekea juu, jirani yake huelekea chini, tabaka zima. Zimebanana kama abiria wa basi la Handeni siku ya gulio. Hakuna pa kusogea, umeme haupiti. Ondoa elektroni kiasi cha 16 kwa kila atomu 100 za shaba, na ule mpangilio utakuwa umevunjika. Poza, na ukinzani hutoweka. Superkondakta yenye itriamu na bariamu hufika hapo kwenye nyuzi za Selsiasi 180 chini ya sifuri. Na nyutroni zikipitishwa humo huonyesha kwamba sumaku zile bado zinatikisika, jirani kwa jirani. Je, mtikisiko huo ndio unaofunga elektroni mbili mbili ili zipite bila ukinzani? Wengi wanaamini hivyo, lakini mjadala haujafungwa.

Kuchekwa hakukuanzia kwako. Hapo Magamba, Lushoto, mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiwahi kuganda kuliko yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, Iringa, akamuuliza swali hilo hilo Dakta Osborne aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo pamoja.

Anayecheka hajapima, mwanangu. Kama utaacha, uache kwa sababu vipimo vimekukatalia, si vicheko. Wasomee barua hii na wadogo zako.

Hela ya kuchapia pendekezo lako la utafiti nimempa mama yako. Jumatatu isipite hujaonana na msimamizi wako.

Mjomba wako