Kabla mzee hajanunua kamera, mzungusheni Songea

Ikifika saa tano asubuhi, jua la Songea halina utani. Mwezi uliopita nilikuwa Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, na baba yangu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu akiwa na miaka 60. Alikuwa ameazima kamera mbili kwa kijana anayepiga picha za harusi mjini. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, ile unayoitazama kwa kioo cha nyuma tu. Akaielekeza kwenye sanamu za mashujaa, akakunja uso, akakikinga kioo kwa kiganja. Mwanga ulikuwa umekimeza. Akachukua ya pili, yenye kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na muda si mrefu akaanza kupiga.

Dukani usingeligundua hilo, maana dukani kuna kivuli.

Nyumbani kamera hii imezua maneno. Mstaafu akipata mafao yake, kila mtu ana wazo: ongeza ekari za mahindi, nunua bodaboda, ezeka nyumba. Binamu zangu wanauliza kamera ya nini wakati simu anayo. Jibu la baba mdogo ni kwamba wenzake wa rika wanaondoka mmoja mmoja, na siku ya msiba picha inayowekwa mbele ya jeneza ni ya kitambulisho, imekuzwa mpaka sura imevurugika. Anataka awapige vizuri wangali wanacheka. Mimi niko upande wake.

Ndani ya makumbusho mambo yaligeuka. Mwanga ni hafifu, na hapo ndipo unapoona kuwa megapikseli nyingi si hoja. Kinachosaidia ni ukubwa wa kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera za kubadilisha lenzi zina kibamba kikubwa kuliko cha simu nyingi, kwa hiyo picha ya gizani haijai chengachenga. (Ombeni ruhusa kwanza. Hapa ni mahali pa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Novemba 2023 kuomba msamaha.)

Mchana tulikwenda bustani ya wanyama ya Luhira. Mnyama akiwa mbali unahitaji zumu, na zumu inakuza hata mtetemo wa mkono. Kwa mtu mzima, lenzi yenye uwezo wa kutuliza mtikisiko ni ya lazima. Lakini kilichonisumbua Luhira ni kitu kingine. Baba mdogo alikuwa anafuta kidirisha kwa shati kila baada ya picha mbili, akisema kina vumbi. Nikachungulia mimi, kilikuwa safi. Nikamwomba ahamie jicho la kushoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe huku kweupe.”

Wiki iliyofuata kliniki ya macho walimwambia ni mtoto wa jicho, upande wa kulia. Hali hii huja polepole na haiumi, ndiyo maana wazee wengi huisingizia miwani. Dalili zake ni ukungu, rangi kufifia na taa za magari usiku kutawanyika machoni. Upasuaji wake ni mfupi: lenzi ya jicho iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia ni kuanza na daktari wa macho, kisha miwani kama inahitajika, ndipo kamera. Mkono nao ukianza kutetemeka hata ukiwa umetulia mapajani, usiishie kununua lenzi ya kutuliza. Mpelekeni hospitali.

Matogoro tulipanda siku nyingine, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala msituni. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hii kabla ya kwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji. Njiani uzito ndio unaoamua. Nikon P950 inasifiwa kwa zumu yake ya mara 83, lakini ina kilo moja. Canon SX70 ina gramu 610, zumu ya mara 65 na kidirisha cha jicho. Canon R50 pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-45 ni kama nusu kilo, na picha zake za ndani ni bora zaidi, ila kila ukibadilisha lenzi unalifungulia mlango vumbi jekundu la kiangazi. Gramu hizo dukani huzisikii. Ukiwa mlimani, na kamera inaning'inia kwenye shingo ya miaka 60, unazisikia.

Na mwacheni ahangaike na vitufe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watu wa miaka 60 hadi 90. Waliojifunza upigaji picha wa kidijitali, takribani saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu, kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za waliokuwa wanakutana kupiga soga tu. Shughuli ilipaswa kuwa ngumu kidogo. Mjukuu anayempokonya babu kamera na kumwekea kila kitu kijiendeshe chenyewe anamnyima faida hiyo.

Baba mdogo bado hajanunua. Anasubiri tarehe ya upasuaji, na anaelekea kwenye SX70, kwa sababu hataki kubeba lenzi za akiba. Kwenye bajeti tumeongeza betri ya pili, memori kadi mbili na fedha ya kusafisha picha, kwani ameahidi kila mzee atakayempiga atapata nakala yake mkononi. Orodha ipo kwenye daftari la shule, majina kumi na saba. Wa kwanza ni fundi cherehani wa Mfaranyaki, ambaye ameshauliza avae koti gani.