Kucha za bi harusi hazianzi wiki ya harusi



Mie ni fundi cherehani hapa Unguja, nashona magauni ya harusi na mabuibui ya kutokea. Mteja akija kupimwa, kabla sijafika kiunoni nishaiona mikono yake. Shifoni na satini hazina huruma: ukucha uliopasuka hata kidogo hunasa uzi, na uzi ukishavutika hautengenezeki, hata upige pasi vipi. Ndiyo maana kucha nazitazama, zangu na za watu.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, harusi Jumamosi ijayo, nipake nini kucha zikue?" Hakuna, habibty. Ukucha wa mkononi hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na kutoka chini kwenye ngozi mpaka nchani huchukua miezi 4 hadi 6. Ile sehemu tunayoiona na kuipaka rangi imeshakufa, kama unywele. Ukucha hutengenezwa huko ndani, kwa damu na chakula unachokula. Cha kupaka juu kinalinda tu kile kilichokwishatoka.

Nalisema hili kwa sababu lilinikuta. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, kucha zangu zilianza kuwa laini kama karatasi. Zikawa bapa, kisha zikabonyea katikati, ukidondoshea tone la maji linakaa kama kwenye kijiko. Wifi yangu akasema ni sabuni ya unga. Wakati huo nilikuwa na magauni matatu ya harusi mezani, na pini siwezi kuiokota. Kazi ya kushonea shanga kwa mkono nikampa jirani yangu, na pesa ikaenda kwake. Siku ya kliniki ya mtoto, nesi alinitazama viganja na ndani ya kope, akanipeleka kupimwa damu. Nilikuwa na upungufu wa damu. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na nikaambiwa nisivinywe na chai.

Hapo kwenye chai ndipo penye shughuli! Sisi chai ni asubuhi, baada ya chakula, na mgeni akija. Lakini chai huzuia mwili usichukue chuma kilichomo kwenye maharage, choroko na mchicha. Sikuiacha, niliisogeza tu mbele, kama saa moja baada ya kula. Na kwenye mboga nakamulia ndimu, au nakula chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kiingie mwilini. Samaki na nyama chuma chake huchukuliwa kwa urahisi zaidi. Ukucha mpya ulianza kutoka chini ukiwa umenyooka, ukipanda taratibu, na mpaka wake na ule wa zamani ulionekana wazi. Ilichukua miezi. Vile vidonge vya bayotini vinavyouzwa mitandaoni "kwa nywele na kucha", mie sijavisifu. Anayekula vizuri mara nyingi havimwongezei kitu, na vinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya damu, kwa hiyo ukivitumia mwambie daktari.

Kuna wanaosema udhu mara tano kwa siku ndio unaoharibu kucha. Si kweli. Maji ya udhu yanapita tu. Kinachochosha ukucha ni kuloweka mikono muda mrefu kwenye sabuni, vyombo, nguo, tena mara kwa mara: ukucha unavimba kwa maji, unakauka, unasinyaa, mwisho unachanika matabaka matabaka. Vaa glavu. Futa mikono vizuri, na usiku jipake mafuta ya nazi mpaka pale ngozi inapokutana na ukucha. Mafuta mepesi yaliyokwishanyonywa hayazuii udhu. Ukijipaka kitu kizito kikabaki tabaka, kioshe kwanza. Ile ngozi nyembamba ya pembezoni usiikate, ndiyo mlango unaozuia vijidudu. Na ukucha si kisu cha kukwangulia sufuria.

Urefu je? Kukata kucha ni katika fitra, na Mtume (S.A.W.) alituwekea mpaka wa siku 40 tusizidishe. Fupi, zilizolainishwa kwa tupa, hazivunjiki ovyo.

Sasa kucha za kubandika. Bi harusi mmoja alibandikwa Alhamisi, akaja kwangu kujaribu gauni mara ya mwisho. Magharibi ikaadhiniwa, akasimama bombani ananitazama. Maji hayafiki kwenye ukucha, na wengi wa maulamaa wanasema udhu hautimii hivyo. Aliniambia hataki kuanza maisha yake kwa kuacha sala. Akazing'oa moja moja, palepale, na machozi yanamtoka. Kila moja ilitoka na tabaka la juu la ukucha wake, chini pakabaki peupe na kukwaruza. Mwenzangu, ukishabandikwa usivute. Loweka kwa asitoni pole pole mpaka gundi ilegee. Na anayetaka rangi, kuna siku zake za mwezi, apake na afute kabla ya kuoga josho.

Ndiyo maana mie na hina ni marafiki. Hina inaingia kwenye ukucha, haiweki tabaka; ukishabandua ule udongo wake, udhu wako unatimia. Lakini nazungumzia hina ya majani yenyewe, inayotoa rangi ya machungwa ikaiva kuwa nyekundu iliyokolea. Piko nyeusi tii mara nyingi ni dawa ya kupakia nywele nyeusi, na dawa ile huwababua baadhi ya watu, ngozi ikatoka malengelenge kuzunguka kucha siku ya harusi yenyewe. Tena mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha. Muulize mchoraji amechanganya nini kabla hujamnyooshea mkono, hata kama ni shoga yako.

Na kabla ya siku ya hina, keti mchana penye mwanga uzitazame kucha zikiwa tupu. Zilizobonyea kama kijiko, kapime damu. Zilizogeuka manjano na kuwa nene, huenda ni fangasi, na dawa yake huchukua miezi, basi usingoje. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, hasa ukiwa unapanuka, nenda kwa daktari wa ngozi. Hina ikishashika, hayo yote yatafichika mpaka ukucha ukue.