Kubebana na Kujitegemea: Miaka ya Chuo, Dar es Salaam na Leipzig

Sheria ya madai ya Ujerumani, ambayo kitabu chake kilianza kutumika mwaka 1900, humwajibisha mzazi kugharimia elimu ya kwanza ya kazi ya mwanawe, hata kama mwana huyo amekwisha kuwa mtu mzima, na mzazi akikaidi, mwana anayo haki ya kumshtaki mbele ya hakimu. Nilipoelezwa habari hii na mwenzangu wa darasa katika Chuo Kikuu cha Leipzig, ndipo nilipofahamu kwa nini ujana wa mwanafunzi wa hapa na ujana wa mwanafunzi wa kwetu Tanzania ni maisha mawili mbalimbali. Maana kwetu, siku kijana apatapo fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita boom, siku iyo hiyo yeye ndiye huanza kuwa mzazi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na posho yake ya chakula na malazi, iliyokuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, ilipandishwa kufika shilingi 10,000 mwaka 2022. Posho hiyo imekadiriwa kwa tumbo moja. Lakini nani pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyewahi kuila peke yake? Boom ikitoka, fungu la kwanza lilikwenda kijijini kwa njia ya simu, kununua daftari na sare za mdogo wa kike aliye kidato cha pili. Fungu la pili lilikuwa dawa ya mama. Na lililobakia liliandaliwa mezani kwa wawili au watatu, kwani katika kila chumba alikuwamo mmoja aliyenyimwa mkopo, ambaye hakuwa na kitanda kwa hesabu za chuo, akilala ubavuni mwa mwenziwe kwa ada ile ya kubebana inayojulikana na kila aliyepita katika mabweni yetu. Rafiki yangu mmoja alibebwa hivyo tangu mwaka wa kwanza hata siku ya mahafali, na wala hakuna aliyeandika deni. Leo anafundisha hisabati katika shule ya sekondari ya serikali, na kila mwanafunzi anayemfundisha ana sehemu ya chapati zile tulizozigawa.

Na kama tulivyogawana sahani ndivyo tulivyogawana elimu. Jioni, juu ya vimbweta, yaani zile meza na viti vya saruji vilivyojengwa chini ya miti, aliyeelewa somo alimfafanulia asiyeelewa mpaka usiku ukawa mkubwa, bila ujira na bila masimango. Na mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, hakuachwa asome peke yake likizoni, maana walikuwapo waliofaulu ambao walichelewesha safari zao za nyumbani ili wamwondolee hatari ya disko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Leipzig ni chuo kikongwe, kilichoasisiwa mwaka 1409, ambacho toka 1953 hadi 1991 kiliitwa kwa jina la Karl Marx, na ndani ya mji wa Leipzig ipo Taasisi ya Herder, ambamo vijana wengi wa Afrika walifundishwa Kijerumani kabla ya kuendelea na masomo katika Ujerumani ya Mashariki. Ada ya masomo hailipwi. Mwanafunzi hutoa mchango mdogo wa muhula tu. Walakini mgeni atokaye nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa athibitishe uwezo wake, aghalabu kwa kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, naye huruhusiwa kuchukua euro 992 kwa mwezi, wala si zaidi. Fedha yako hukujia kwa kipimo, chumba chako kina kitasa chako, na kazi ya mwisho wa muhula huiandika peke yako, kurasa kumi na tano au ishirini, ukitetea hoja ambayo hukukopa kwa mtu. Katika semina niliona binti wa miaka ishirini akimpinga profesa wake waziwazi, na profesa akamsikiliza kwa makini, akamshukuru, akabadili maneno yake. Kisha darasa zima likagonga meza kwa vifundo vya vidole, kama ilivyo desturi yao ya kushangilia.

Hiyo ndiyo fadhila niliyoipata ugenini, nami naithamini sana. Katika vyuo vyetu vingi leo kijana aweza kumaliza miaka mitatu akisoma madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, yaliyorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka, asiulizwe hata mara moja yeye mwenyewe anafikiri nini. Sisemi kwamba kuhoji ni tunu ya Wazungu. Mlima ule ule wa Dar es Salaam ndiko Walter Rodney alikofundisha, akatoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Na hapo hapo wanafunzi walichapa jarida lao, Cheche, lililokuwa kali kiasi cha kupigwa marufuku mwaka 1970. Tulikuwa nayo hazina hiyo, inatupasa tuirudishe.

Lakini Leipzig niliona pia mwanafunzi akiugua chumbani mwake siku nyingi, bima ikamlipia tabibu na dawa, asitokee jirani wa kumgongea mlango. Kama ningelazimishwa kuchagua chuo kimoja kati ya viwili hivyo kwa ajili ya mwanangu, ningechagua kile cha vimbweta, kwa kuwa hoja mtu aweza kujifunza hata ukubwani, bali kubeba mwenzio usipokuzoea ujanani ni shida kukuanza baadaye.

Kwa sababu hiyo nina neno kwa wenzangu wa ughaibuni tuliosoma kwa mkopo wa Bodi. Mjerumani aliyesoma kwa msaada wa serikali yake husamehewa nusu ya fedha aliyopewa, na nusu iliyobaki hailipi kupita euro 10,010. Mtanzania aliyeajiriwa nyumbani hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Sisi tulio huku hatukatwi na mwajiri yeyote. Dhima imebaki kwetu wenyewe, na wengi wetu tumekuwa kimya. Ndugu yangu, ulizia deni lako, ulilipe, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi, kwa maana marejesho hayo ni sehemu ya fedha wanayokopeshwa wadogo zetu wanaoingia chuo mwaka huu.