Dhahabu Ilipoingia Jikoni

Mama hakuwa na shida ya kuazimana vitu na watu. Chumvi, ungo, hata godoro la mgeni vilitoka nyumbani kwetu Kahama na kurudi. Kinu peke yake hakikutoka. Majirani walimwona mchoyo, naye aliwaacha waseme. Miaka ile, kabla makarasha, mashine za kuponda mwamba, hayajaenea, wanawake wa machimbo ya Geita na ya upande wetu waliponda mwamba kwa mikono, wengine kwa vinu vya nyumbani, na dhahabu ikishanaswa na zebaki ilichomwa uani, kwenye jiko lilelile la kupikia ugali. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mama hakusoma kemia. Alichokiona ni kwamba waliozoea kuichoma mikono iliwatetemeka wakishika kikombe cha chai, na hilo lilimtosha. Amri yake ilikuwa moja: kilichogusa machimbo kisiguse chakula.

Katika jiko la mwanamke huyo ndimo nilimojifunza kupamba keki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni, na ile laini ya aisingi tuliisikia tu kwa waliofika Nairobi. Mama alitwanga sukari kwenye kinu chake, akaichekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akaipiga na ute wa yai na maji ya limao mpaka mkono ukachoka. Keki yenyewe iliokwa kwa sufuria, mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, na mtoto mmoja akawekwa kuangalia moto usizidi. Wateja walikuja kwa msimu, Julai na Agosti, watu wakishalipwa fedha za pamba. Keki ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyeuliza rangi nyingine.

Metali ya kwanza niliyoiona juu ya keki ilikuwa fedha. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kuanzia 1984, maduka ya Wahindi ya Shinyanga mjini yalianza kujaa tena, na humo shangazi alipata vishanga vya sukari vilivyovikwa fedha. Aliviweka kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi kuizunguka keki ya harusi, asubuhi nzima, akitukataza hata kupiga chafya. Mwenye duka alikuwa pia na barfi zilizofunikwa kwa varaki, utando wa fedha uliofuliwa kwa nyundo mpaka pumzi ikaweza kuupeperusha. Alimpa Mama kipande aonje. Mama aliuliza kwanza fedha ile imepitia wapi. Alipoambiwa haikukutana na zebaki, akala, akasema haina ladha yoyote. Alisema kweli: fedha safi na dhahabu safi hazina ladha, na dhahabu hupita mwilini ikatoka kama ilivyoingia.

Kisha nchi yetu ikabadilika. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na Buzwagi ukafunguliwa 2009 karibu kabisa na Kahama mjini. Fedha ikaacha kungoja pamba. Kulikuwa na watu wa mshahara, na kulikuwa na wachimbaji wadogo ambao duara, shimo lao la kuchimbia, likitema dhahabu usiku, asubuhi wanataka keki ya ngazi tano. Sherehe nazo zikazaliana: kicheni pati, sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea. Geita ilipokuwa mkoa mwaka 2012, simu za picha zilikuwa zimeshaanza kuenea, na muda si muda wateja wakawa wananionyesha keki za Lagos na Dubai wakisema, "Dada, nataka inayong'aa hivi." Viti vya ukumbini vilikuwa vya dhahabu, glasi zina ukingo wa dhahabu, gauni la bibi harusi lina uzi wa dhahabu. Keki nyeupe ikaonekana ya kimaskini. Nilisikitika, nasema wazi, kwa sababu keki nyeupe iliyolainishwa vizuri ni kazi ngumu kuliko hizi za sasa; haina pa kufichia kosa.

Vikopo vya poda vilitufikia kwa mabasi kutoka Kariakoo, vidogo vya kushika kwa vidole viwili, bei ya kununulika na mng'ao wa kuumiza macho. Vingine vilikuwa na maandishi ya Kichina tu, vingine havikuwa na maandishi kabisa. Muuzaji ukimuuliza anajibu, "Haina sumu, mama, chukua." Mimi nilirithi swali la Mama, na muuzaji hakuwa na jibu la poda ile imepitia wapi. Basi nikafanya jaribio la jikoni. Nilichukua poda za vikopo viwili, kila moja nikaiweka kwenye kisahani chake, nikazikamulia limao na kuziacha zilale. Asubuhi kisahani kimoja kilikuwa kama nilivyokiacha. Cha pili maji yake yalikuwa ya kijani yenye buluu ndani yake, na ukingo umefanya ukoko wa rangi hiyohiyo.

Ile ilikuwa shaba. Kuna poda ya dhahabu ambayo ni unga wa shaba na zinki, inayotengenezwa kwa kuchapia kadi na kupaka fremu za picha, na asidi ya limao huila. Na aisingi yetu tunaitia nini? Limao. Hapo nilielewa kwamba sherehe nzima ya watoto inaweza kulambishwa shaba kwa kijiko. Lakini jaribio la limao halitoshi kuithibitisha poda kuwa salama, maana risasi, kwa mfano, haikupi rangi ya kukuonya.

Baadaye nilisoma kwamba balaa hili halikuwa letu peke yetu. Oktoba 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa taarifa ya matukio mawili. Katika jimbo la Rhode Island, mwaka 2018, watoto sita walitapika baada ya kula keki ya sherehe ya kuzaliwa, na poda iliyotumika ilikutwa imejaa shaba. Huko Missouri, mwaka 2019, mtoto alikutwa na risasi kwenye damu, na poda ya keki ya kuzaliwa ndiyo iliyomletea. Vikopo vya namna hiyo viliandikwa kwamba havina sumu. Maneno hayo hayamaanishi kwamba ni chakula. Chaki ya shuleni nayo huandikwa hivyo, na hakuna anayeipanga kwenye sahani.

Poda ya kuliwa inajulikana kwa orodha ya viambato. Nyingi ni maika, madini yanayong'aa, yaliyovikwa oksidi za chuma, E172, au titani dioksidi, E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chakula mwaka 2022. Fedha halisi ni E174, dhahabu halisi ni E175. Hapa kwetu usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, ulipoondolewa TFDA, lakini vikopo hivi vidogo husafiri mfukoni mwa abiria, na mtu wa mwisho anayeweza kuvizuia ni mwokaji mwenyewe.

Soko la dhahabu la Geita lilipokwisha kufunguliwa, mwaka huohuo wa 2019, alinijia baba mmoja mchimbaji aliyekuwa na sendofu ya binti yake. Alifungua karatasi ya daftari mbele yangu. Ndani mlikuwa na pointi chache za dhahabu, ile kumi yake hufanya gramu, ya njano iliyofifia.

"Mayu, hii imetoka kwenye duara langu," alisema. "Isage uinyunyize juu ya keki. Nataka wageni wajue."

Ombi lile lilinigusa. Mtu amekaa gizani miaka, anataka jasho lake lionekane siku ya mwanawe. Nilimjibu, "Baba, hii ina shaba na fedha ndani yake, na zebaki haijaisha. Ukiipeleka sokoni wakaichoma tena, uzito si unashuka? Kinachopungua hapo ndicho unachotaka wageni wale." Alinyamaza, kisha akacheka, maana mizani ya sokoni aliijua kuliko mimi. Dhahabu yake ilikwenda kwa sonara ikawa hereni za binti.

Keki niliipamba kwa karatasi za dhahabu ya kuliwa kutoka Kanazawa, Japani, mji unaofua karibu dhahabu yote ya namna hiyo nchini mwao. Karatasi hizo zina unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Nilipiga hesabu: pointi moja ya dhahabu safi ingetosha karatasi kama nane za sentimita nane kwa nane. Nilizima feni, nikafunga madirisha, nikaziba pua na mdomo kwa leso. Karatasi haishikwi kwa kidole, itayeyukia kwenye alama za ngozi. Unaibandua kwa brashi kavu, unaitua kwenye aisingi yenye unyevu kidogo, nayo hujilaza yenyewe, na ufa wowote wa aisingi unaonekana juu yake. Tangu 2021 Mwanza kuna kiwanda kinachosafisha dhahabu yetu mpaka 999.9. Sioni kwa nini sonara wa Geita au Mwanza asijifunze kuifua ya kuliwa, keki ya Katoro ikapambwa kwa dhahabu ya Katoro.

Kwenu mabinti mnaoanza kuoka Katoro, Masumbwe na Kahama: kigeuzeni kikopo kabla ya kulipa. Tafuteni orodha ya viambato na neno la kwamba ni cha kuliwa. Kama havipo, kiacheni dukani, hata kama mteja ameshatoa kianzio, na mwambieni sababu. Akitaka dhahabu lazima, anunuliwe halisi kidogo, iwekwe kwenye ngazi ya juu tu. Sehemu iliyobaki ya keki ibaki nyeupe.