Njia ya Katikati

Nilisoma sekondari mjini Dar es Salaam miaka ya tisini, kwetu kukiwa Kimara Baruti. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda wa daladala akituona tumejipanga kituoni na sare zetu aligonga bodi kumwashiria suka aondoke, au alifungua mlango nusu na kupaza sauti: "Madenti wawili tu!" Wawili, nasi tumejaa kituo kizima. Aliyebahatika kuingia alisimama karibu na mlango, begi kifuani. Kukaa kwenye siti, hata iliyo wazi, hakuthubutu.

Wakubwa nao walikuwa na shida yao, kugeuza. Anayekwenda Posta, katikati ya jiji, alipanda gari linalotoka Posta, akaenda nalo hadi mwisho wa njia na kulipa nauli mara mbili, ili likigeuka awe ameshakaa. Mama aligeuza kila asubuhi akiwa na ujauzito wa mdogo wetu wa mwisho. Alitoka nyumbani gizani, chakula cha mchana kwenye kontena, viatu vya ofisini kwenye mfuko wa plastiki.

Baba alitusimulia habari za UDA, shirika la mabasi ya jiji lililoanzishwa mwaka 1974, na mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria yaliyokuwa na mkunjo katikati kama kodiani. Vipuri vikakosekana, mabasi yakalala gereji, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Daladala zao ziliokoa jiji hili, nami siwezi kuzibeza. Lakini dereva na konda walikuwa na hesabu ya kupeleka kwa tajiri mwenye gari jioni. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwacha mwanafunzi kituoni. Ndiyo iliyokatisha ruti Manzese na kuwashusha watu waliokwisha kulipa hadi Posta. Konda mpole alikuwa na deni lilelile la jioni kama konda mkali.

Baadaye magari binafsi yakaongezeka na foleni ya Ubungo ikameza kila kitu: daladala, mkurugenzi kwenye gari lake, hata gari la wagonjwa. Kutoka Kimara hadi Posta kukawa safari ya saa mbili. Oktoba 2012 ilipoanza treni ya abiria kati ya Ubungo na stesheni ya mjini, ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tulianza kuelewa kwamba chombo chenye njia yake hakiombi ruhusa ya foleni.

Kisha Barabara ya Morogoro ikachimbwa ili mabasi nayo yapate njia yao, katikati. Tulikula vumbi miaka kadhaa. Mei 2016 mabasi hayo, tunayoyaita mwendokasi, yakaanza kubeba abiria, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, kilomita zipatazo 21 kwa jumla. Safari ile ya saa mbili ikawa kama dakika arobaini na tano. Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa mlangoni. Tiketi ilikatwa dirishani kabla hujapanda, shilingi 650 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi, na dereva hakushika hela ya mtu. Hakuwa na sababu ya kumkimbia denti. Sakafu ya basi ililingana na jukwaa la kituo. Pale Magomeni Mapipa nilimwona kijana mwenye kiti cha magurudumu akijisukuma mwenyewe hadi ndani, akafunga breki, akatoa simu yake. Kwenye daladala angebebwa mikononi na watu asiowajua, kama gari lingesimama.

Basi refu la mita 18 hubeba watu wapatao 150. Watu hao wakipanda magari yao wawili wawili, ni magari 75 yanayounguruma yamesimama Ubungo. Dunia iliona jambo hili. Dar es Salaam ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018.

Ila mabasi yalianza 140, wakati mpango ulitaka 305. Karakana ikajengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikayafuata mabasi humo humo. Abiria waliongezeka, mabasi yakapungua. Nimeona vijana wakiingia kwa madirisha Kimara Mwisho, na watoto wa shule wakisukumwa pembeni kama tulivyosukumwa sisi, safari hii bila konda wa kumlaumu. Mama, ambaye sasa anatembelea fimbo, haendi tena mjini asubuhi.

Sasa njia za zege zimefika Mbagala kwa Barabara ya Kilwa na Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, nami nafurahi kwa dhati. Ninachoomba ni mabasi yanunuliwe kwa idadi ya watu waliopo kituoni saa moja asubuhi, na yawe na gereji pasipofurika. Pia nauliza kuhusu safari ya kufika kituoni. Anayetoka ndani kabisa Bonyokwa hupanda bodaboda kwanza, na hiyo inaweza kumgharimu zaidi kuliko basi lenyewe. Mabasi madogo ya kuwaleta watu hadi Kimara Mwisho, kwa tiketi ileile moja, yangewarudisha barabarani watu kama mama yangu.