Alama Iliyo Kitakoni

Nyumba nyingi za Columbus, jimboni Ohio, zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina chumba kikubwa chini ya ardhi, na katika vingi kati ya vyumba hivyo mna baa. Si baa ya biashara. Ni kaunta ya mbao aliyoipiga mwenye nyumba kwa mikono yake, viti virefu vitatu au vinne, kioo ukutani, na rafu zilizojaa bilauri. Mimi nilizijua baa hizo kwa sababu ya kazi. Mtu aliyetoka Mombasa akafika Ohio mwanzoni mwa miaka ya 2000 na vyeti visivyotambulika, kazi iliyomngoja ilikuwa ya ghalani au ya kuhudumia wazee majumbani. Nikashika ya wazee: kuogesha, kupika, kukumbusha dawa, na kushuka chini kufua, maana mashine ya kufulia nayo huwekwa huko huko, kando ya baa.

Basi nguo zikizunguka, macho yangu yalikuwa rafuni. Palikuwa na bilauri ndogo za mguu mwembamba, fupi nene za wiski, ndefu zilizonyooka, jagi la kukorogea na kijiti chake cha kioo, na kibebeo cha waya wa shaba chenye nafasi nane, kila bilauri na tundu lake. Nyingine zilichorwa majani ya dhahabu, nyingine majogoo, nyingine tembo wa rangi ya waridi, na hao tembo nilielezwa kwamba ndio anaowaona mlevi akishazidiwa. Vumbi limetanda juu ya vyote. Mwenye nyumba hajashuka ngazi zile tangu magoti yamkatae.

Niseme mapema kwamba pombe sijaigusa wala sina hamu nayo. Lakini vyombo navijua. Nimezaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo kabati la vioo lilikuwa na heshima kuliko redio, na funguo yake ilikaa kwenye pindo la kanga la nyanya. Ukienda Lamu utaona nyumba za mawe zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za Kichina tangu enzi za majahazi, na nyingi za sahani hizo hazikuwahi kulia mtu wali. Kwetu chombo kizuri kinaweza kuwekwa kitazamwe tu, na hakuna atakayeuliza kina kazi gani. Kwa hiyo nilipokuwa nazifuta zile bilauri vumbi bila kuambiwa, sikujiona nimefanya jambo la ajabu. Mama ndiye aliyeliona la ajabu, nilipomsimulia kwa simu.

"Mwanangu, hizo si bilauri za walevi?"

"Mama, ni bilauri tu. Mimi nikizipata nitatilia maji ya ukwaju."

"Haya, zitie ukwaju niuone."

Kuzipata kwenyewe hakukuwa rahisi kwa jinsi mtu anavyodhani. Mhudumu haruhusiwi kupokea zawadi kwa mgonjwa wake, na sheria hiyo naiona ya haki. Mzee wa kwanza alipofariki, watoto wake walikuja kutoka majimbo ya mbali, wakachukua picha, bunduki ya kuwindia na zana za seremala, kisha wakaita watu wanaouza mali za marehemu. Watu hao hubandika bei kila kitu, hadi taulo, na kufungua mlango kwa siku mbili au tatu. Siku ya mwisho bei hukatwa nusu. Nikapanga foleni siku ya mwisho. Bilauri zilikuwa bado ziko chini, zote, hazijaguswa. Seti nzima ya zile zenye almasi za kijani zilizozungushiwa dhahabu niliichukua kwa bei ya kuku mmoja wa kukaanga.

Wakati ule hakuna aliyezitaka, na sababu moja ilikuwa ukubwa wake. Bilauri ya martini ya miaka ya 1950 huchukua aunsi tatu au nne hivi. Za siku hizi ni mara mbili ya hapo na zaidi. Kijana aliyezoea kikombe cha soda cha kubeba kwa mikono miwili angezitazama hizi akadhani ni za watoto. Zilitengenezwa kwa watu wa aina nyingine. Marekani ilipiga pombe marufuku tangu 1920 hadi Desemba 1933, ufukara ukaikuta kabla haijatoka hapo, kisha vikaja vita. Wanajeshi waliporudi wakapata mikopo ya nyumba, wakahamia mitaa mipya iliyo mbali na baa za mjini, wakaanza kukaribishana nyumbani. Bwana akimwalika bosi wake chakula cha jioni, bilauri zilipaswa zilingane, zote nane. Harusi nyingi ziliwapa maharusi seti za namna hiyo. Kinywaji kilikuwa kidogo, kikali na baridi, na kilitakiwa kiishe kabla hakijapoteza ubaridi wake. Kwangu mimi kipimo hicho ndicho hasa cha ukwaju mzito uliotiwa pilipili manga na sukari kidogo.

Almasi za kijani ndizo zilizonifundisha kusoma. Ubavuni mwa kila bilauri, chini kabisa ya mchoro, kulikuwa na sahihi ya dhahabu: Culver. Nikajifunza kwamba Culver ilikuwa kampuni ya Brooklyn, New York, kwamba mchoro ule unaitwa Valencia, na kwamba dhahabu yake ni dhahabu kweli, karati 22, iliyopakwa ikiwa majimaji kisha ikachomwa tanuuni ikashikana na kioo. Tabaka lake ni jembamba mno. Mashine za kuoshea vyombo zilipoenea majikoni ziliikwangua dhahabu hiyo seti kwa seti, na ndiyo maana zilizosalimika ni zile zilizosahauliwa chini ya nyumba, kwa wazee waliokuwa wakiosha kwa mkono au waliokuwa wameacha kukaribisha wageni.

Baada ya Culver nikamfuata Fred Press, kisha Georges Briard, na huyu ndiye aliyenikamata kwa miaka. Sikiliza kisa chake. Georges Briard hakuwa Mfaransa, wala hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Jascha Brojdo, amezaliwa 1917 katika himaya ya Urusi, akakulia Poland, akaingia Marekani 1937 na kusomea sanaa Chicago. Vitu vya dukani alivitia jina la Kifaransa, kwa kuwa jina la Kifaransa liliuza. Jina lake la kuzaliwa akalihifadhi kwa michoro yake ya ukutani. Leo watu hugombea sinia na bilauri zenye lile jina la kubuni, na michoro yenye jina lake halisi wachache sana wanaiulizia. Nina hakika angecheka, ingawa hakuishi kuona joto lenyewe, alifariki 2005.

Joto lililetwa na televisheni. Mwaka 2007 ilianza tamthilia ya Mad Men, kuhusu watu wa matangazo ya biashara wa New York katika miaka ya 1960, ambao kila wakiingia ofisini humimina kitu. Miongoni mwa bilauri zilizoonekana mle zilikuwamo za mviringo, hazina mguu, zenye mkanda mpana wa fedha mdomoni. Bilauri za aina ile nilikuwa nimeziona katika maduka ya mitumba ya Columbus mara nyingi, nikazipita, maana macho yangu yalitafuta dhahabu. Ghafla zikawa na jina: Dorothy Thorpe. Thorpe alikuwa mbunifu kweli, wa Los Angeles, na alitengeneza vitu vya kupendeza kweli. Lakini nyingi za bilauri hizo hazina alama yoyote, na viwanda kadhaa viliuza za mkanda wa fedha za namna hiyo. Haikusaidia kitu. Kila mchuuzi mwenye bilauri ya mkanda wa fedha alimwandikia Thorpe, na bei ikapanda kwa jina hilo.

Foleni nazo zikabadilika. Zamani nilikuwa na bibi wawili wanaotafuta vifungo vya nguo na bwana mmoja wa santuri. Sasa wakaja vijana wenye ndevu zilizochongwa, wanafika alfajiri siku ya kwanza, wanashuka chini moja kwa moja bila kutazama sebule. Simu za kisasa zilipoingia, mtu alipiga picha bilauri papo hapo, akaona imeuzwa kiasi gani California, akanunua rafu nzima. Valencia ikafika makumi ya dola kwa bilauri moja. Watoto wa marehemu nao wakaerevuka; bilauri zikaanza kufungwa kwenye karatasi pamoja na picha na bunduki. Siwalaumu. Lakini kwa mshahara wa kuogesha wazee, mchezo ule ulikuwa umenipita.

Hapo ndipo mzee mwingine niliyemhudumia aliponiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwenyewe. Nilikuwa nimemletea bilauri ya Culver aione, kwa kuwa alipenda hadithi za foleni. Hakuitazama dhahabu kabisa. Aliigeuza juu chini, akapitisha kidole kitakoni, akauliza, "Na kioo je, kilitoka wapi?"

Culver haikutengeneza kioo. Ilinunua bilauri tupu kutoka viwandani, ikazipaka. Briard pia hakupuliza kioo hata siku moja. Kioo kilitoka viwandani, na vingi kati ya viwanda hivyo vilikuwa Ohio na Virginia Magharibi, palipo na mchanga mzuri na gesi ya kuwashia tanuri. Libbey ilikuwa Toledo tangu 1888. Anchor Hocking iko Lancaster, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwangu. Na Federal Glass ilikuwa hapa hapa Columbus, upande wa kusini. Mzee yule alikuwa amefanya kazi Federal.

Alinieleza mambo ambayo hayakuandikwa ubavuni mwa bilauri yoyote. Mchanga, magadi na chokaa huyeyushwa katika tanuri ambalo halizimwi, si Jumapili si Krismasi, kwa kuwa kioo kikiganda ndani, tanuri limekufa. Donge jekundu hudondoka, mkasi wa chuma hulikata, linaangukia katika kalibu, na mashine inalipa umbo kabla hujamaliza kutamka jina lako. Kisha bilauri hupita polepole katika tanuri refu la kupoza, maana kioo kilichopozwa kwa pupa hupasuka chenyewe baadaye, hata kabatini. Zenye kasoro zilirudishwa motoni, au zilifuatana na mfanyakazi nyumbani. Nikamwambia bei ya ile aliyoishika. Akaomba nirudie, kisha akacheka mpaka nikaogopa kifua chake.

Federal ilianzishwa 1900. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni nyingine ya mji huu huu ilitaka kuinunua, serikali kuu ikazuia kwa hoja ya kulinda ushindani, na mwaka 1979 kiwanda kikafungwa. Ushindani ulilindwa, mshindani akafa. Hakufa peke yake: Heisey ya Newark ilikwisha 1957, Imperial ya Bellaire 1984, Fostoria ya Moundsville 1986. Libbey, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2020, ikafunga kiwanda chake cha Shreveport. Lancaster bado inawasha.

Nikaanza kugeuza bilauri. F ndani ya ngao ni Federal. Nanga juu ya H ni Anchor Hocking. H iliyoifunika A ni Hazel-Atlas. Herufi L ya mwandiko ni Libbey. Alama hizi ni ndogo, hazina dhahabu, na vijana wa simu hawazipigi picha. Bilauri yenye ngao, isiyo na mchoro wowote, ilibaki senti kadhaa katika maduka ya mitumba ya kusini mwa mji wakati Valencia inafungiwa kwenye kabati la kioo. Nikaiuza seti yangu ya almasi za kijani, bilauri baada ya bilauri, na fedha zake zikajaza rafu mbili kwa vitu vya Federal: za mguu, za wiski, za soda, na majagi. Sikuona uchungu. Isitoshe, rangi na nakshi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na sipendi mdomo wa mtoto ufike hapo. Kioo kitupu hakinipi wasiwasi huo.

Mama alikuja kunitembelea Idi moja, akanywea ukwaju katika bilauri ya martini ya Federal, akaomba ajaziwe tena, akalalamika kwamba Wazungu ni wachoyo wa vipimo. Wageni walikuwa Wasomali, Wakongomani, na jamaa wa Pwani. Mpwa wangu, aliyezaliwa hapa, aliziona bilauri akauliza ni za mbunifu gani. Nikampa moja aigeuze. Akaitazama ile ngao, akaitafuta kwenye simu, akakuta haina bei ya maana, akanirudishia kwa adabu.

Wiki iliyofuata alipiga simu. "Shangazi, zile za F zinapatikana wapi? Nahama, sina hata kikombe." Nikamtajia duka, nikamwambia aende Jumanne asubuhi, rafu zikishajazwa, na asinunue yenye mkwaruzo mdomoni hata akipewa bure.