Salamu Kabla ya Picha

Ukitoka Ngomeni, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, ukaifuata njia ya Mbarak Ali Hinawy hadi msikiti wa Mandhry na Bandari ya Kale, utakutana na kamera nyingi. Meli ya watalii inapotia nanga Kilindini huzidi maradufu. Hupigwa picha milango ya nakshi na roshani za mbao, na watu wetu hupigwa vivyo hivyo, kana kwamba nao ni mbao. Muuza kahawa hajui uso wake umekwenda nchi gani.

Zamani haikuwa hivyo. Familia ilivaa nguo za Idi ikaenda yenyewe studio, kama ile ya N. V. Parekh hapa Mombasa, na picha ikahifadhiwa sandukuni. Aliyepigwa alikuwa ametaka kupigwa.

Kijana mmoja niliyemsomesha madrasa alinijia baada ya swala ya alasiri. Alikuwa na kamera, na alitaka kuwapiga picha watu wa mtaani asiowajua. Akauliza kama yafaa. Nikamwambia kwamba wanazuoni wamekhitalifiana. Wako waliokataza kila taswira ya chenye roho kwa kushika dhahiri ya hadithi, na wako, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa Mufti wa Misri, walioona kwamba kamera huzuia kivuli tu, haiumbi kitu. Mimi nafuata kauli hii ya pili, bila kuwadharau wa ile ya kwanza. Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni idhini. Surat An-Nur imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tubishe hodi na tuwasalimu wenyewe. Sioni vipi uso wa mtu uwe na heshima ndogo kuliko ukumbi wake.

Basi tukaafikiana: salamu kwanza, kisha jina, kisha ombi, na kila aliyekubali apelekewe picha yake iliyochapishwa. Nikafuatana naye jioni kadhaa.

Mama mmoja wa viazi karai, upande wa Kibokoni, alikataa papo hapo. "Picha sitaki mwanangu, lakini kaa ule." Kijana akaitia kamera mfukoni, akala. Hata sahani haijaisha, ikabainika kwamba marehemu mamake mama huyo ndiye aliyemfundisha nyanyake kijana kushona kofia. Nyumba zao hazifiki hatua mia mbili. Picha haikupatikana, nami naihesabu jioni ile kuwa bora kuliko zote.

Kisha yuko hamali wa mkokoteni. Kwa miaka kumi na moja ametuletea maji, saruji na magunia ya mchele, nasi sote tukimwita "hamali" tu. Alipoulizwa jina alitazama nyuma kwanza, akidhani anaulizwa mwingine. Jina sitaliandika hapa, kwa kuwa hilo sikumwomba. Kwao ni Ganze. Picha aliyokuwa nayo maishani ilikuwa ile ya kipande peke yake. Akaomba hii ichapishwe kubwa, ampelekee mamake.

Mwezi uliofuata alipotea siku tatu. Hapo awali tungeita hamali mwingine, na maji yangefika. Safari hii kijana aliulizia kwa jina lake, akaelekezwa chumba kimoja huko Majengo, akamkuta hoi kwa homa, hana wa kumpa hata maji. Vijana wa msikitini wakambeba hospitali. Alhamdulillahi, amerudi kazini, japo mkokoteni anausukuma polepole.

Bado bahasha tatu ziko kwangu, wenyewe hawajaonekana. Mmoja ni mzee mshona nyavu aliyekuwa akikaa karibu na Bandari ya Kale, aliyetwambia kwao ni Siyu. Amjuaye amfikishie salamu zetu, na amwambie picha yake iko tayari. Hana la kulipa.